Nusu ya Jibu Ambayo Sikuisoma

Endebess,
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Maitu,

Wewe na mama yako mmeenda Kitale kununua godoro na sufuria, na kwa jinsi ninavyomjua mama yako, hamtarudi kabla ya saa kumi na moja. Atauliza bei katika maduka matano kisha arudi kununua katika lile la kwanza. Kwa hiyo nina mchana mzima, meza ya kulia chakula, na kalamu ya buluu. Nyekundu niliacha kuitumia zamani, na sababu yake utaiona humu ndani.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia uchemshe maji ya kunywa, uwe na kufuli mbili, uende kanisani Jumapili ya kwanza kabisa ili watu wakujue mapema. Yeye ana orodha. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu kabla hujazaliwa. Ningeendelea kulibeba hadi kaburini kama ile barua yako ya kazi isingesema Kabuchai.

Ulipoisoma kwa sauti pale jikoni, kwamba umepata kazi ya kufundisha Biashara katika shule ya huko, mama yako alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza. Mimi nilitoka nje kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Najua uliniona nikitoka. Ulidhani labda naona uchungu kwa sababu unaondoka, na uchungu huo upo, lakini sio ulionitoa nje siku ile.

Unajua nilifundisha Biashara hadi nikastaafu. Usichokijua ni kwamba sehemu kubwa ya somo hilo ilinichosha. Aina za ofisi, hati za mauzo, faida za kutuma barua: hayo niliyapitia haraka haraka kama mtu anayevuka boma lenye mbwa. Nilichokipenda kilikuwa ile sehemu ya uchumi. Siku ya kufundisha mahitaji na ugavi nilivaa tai. Nilichora ubaoni mstari mmoja unaopanda na mwingine unaoshuka, na pale inapokutana nikaandika neno bei, nikarudi nyuma hatua mbili kutazama. Raha niliyoiona hapo sijui hata kama ilimfaa Mkristo.

Na kila nilipoeleza, nilianza kwa maneno yale yale: mambo mengine yote yakitulia. Bei ikipanda, mambo mengine yote yakitulia, mkulima ataleta mahindi mengi zaidi sokoni. Bei ikishuka, mambo mengine yote yakitulia, atangoja. Wanafunzi wakanibatiza Yakitulia. Nilijifanya sijui, lakini kwa kweli jina hilo nililipenda, nililivaa kama cheo. Sikuwahi kujiuliza ni nyumba gani, kati ya zote walizotoka wale watoto, ambayo mambo yake yaliwahi kutulia.

Palikuwa na msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyeitwa Nekesa. Kwao ni Kabuchai, ila alikaa kwa shangazi yake Kitale ili asome kwetu. Shule sitaitaja, maana kosa si lake. Alikuwa mrefu, mkimya, na maandishi yake yalilalia upande mmoja. Muhula huo alichelewa kurudi kwa wiki mbili nzima. Sikumwuliza alikuwa wapi. Nilimtia alama kwenye rejista, basi, nikaendelea na somo.

Wiki hiyo hiyo niliwapa mtihani mdogo. Swali la mwisho liliuliza kwa nini wakulima wadogo huuza mahindi mara tu baada ya kuvuna, wakati bei iko chini kabisa, badala ya kungoja ipande. Mwongozo wa kusahihisha niliuandika mwenyewe: hawana maghala, hawajui bei ya soko, barabara ni mbaya, elimu ni duni. Alama mbili kwa kila hoja. Hoja nilizitoa kitabuni, na sikuwa nimemwuliza mkulima hata mmoja, ingawa mimi ni mwana wa mkulima na usiku huo nililala katika nyumba ambayo magunia yalifika hadi mlango wa chumba cha kulala.

Nekesa hakutaja ghala wala barabara. Aliandika kwa Kiingereza cha kuokoteza, nami nakuwekea hapa kwa Kiswahili kama vile angelisema mwenyewe:

"Baba yangu ako na stoo mzuri. Bei anasikia kwa redio. Anauza mapema kwa sababu mahindi ikikaa kwa stoo ni ya kila mtu. Mtu akikufa, wazee wanakuja wanasema hapa kuna mahindi. Shangazi akikosa, anakuja na gunia tupu. Huwezi sema hakuna na wanaona. Lakini mahindi ikishaenda kulipa shule, hakuna mtu anaweza kuja kuitoa kwa kichwa yangu."

Lisome mara mbili, mwalimu mwenzangu. Leo nikilisoma nywele zinanisimama. Siku ile niliona tu kwamba hakuna hata neno moja lililokuwa kwenye mwongozo wangu.

Na kama ningemwekea alama yangu kimyakimya, labda nisingekuwa naandika barua hii. Lakini nilikuwa na tabia, na wewe unaijua kwa sababu hata hapa nyumbani ilikuwepo: nilipenda kuchekesha. Wakati wa kurudisha karatasi nilichagua jibu moja la kuchekesha nikalisoma mbele ya darasa. Siku hiyo nikachagua la Nekesa. Nilisoma mpaka kwa wazee na gunia la shangazi, na hiyo sentensi ya kichwa, kisha nikaishusha karatasi nikasema, "Jameni, sisi tuko kwa uchumi, huyu ametuletea matanga."

Darasa likaangua kicheko. Nilisimama pale na tai yangu nikijiona mcheshi.

Nekesa akainuka. Hakuwa analia. Alisema, "Mwalimu, hujafika mwisho. Si unisomee nimalize?"

Nikamwambia, "Keti chini, Nekesa."

Akaketi. Nilimpa karatasi yake ikiwa na yai kubwa jekundu la sifuri, na ndani ya yai nilikuwa nimechora macho mawili na mdomo. Aliiacha juu ya dawati alipotoka. Mimi niliiokota nikaitupa kwenye katoni ya karatasi kuukuu za kupeleka nyumbani, bila kuigeuza upande wa pili.

Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Matanga. Kwenye foleni ya chakula cha githeri, Matanga. Uwanjani, Matanga. Niliyasikia yote, maana mwalimu husikia kila kitu, asikudanganye mtu. Ijumaa mwalimu wa darasa lake akaniambia, tukinywa chai, kwamba zile wiki mbili msichana alikuwa nyumbani kumzika nyanya yake, yule aliyemlea. Mahindi ya jibu lile yalikuwa mahindi ya kweli, na matanga niliyoyachekea yalikuwa yamekwisha siku chache tu kabla.

Ningeweza kumwita saa ile ile. Ningeweza kusimama mbele ya darasa Jumatatu nikasema nilikosea. Sikufanya hivyo, kwa sababu niliogopa: tulikuwa tunaambiana kule kwenye chumba cha walimu kwamba ukiomba radhi mara moja tu, watoto watakukalia kichwani. Nilijiambia utani hupita. Muhula ulipofungwa Nekesa alienda kwao, na muhula uliofuata shangazi yake akaja kuchukua vitu vyake. Alisema mtoto amekataa. Hakueleza amekataa nini, na mimi, niliyekuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, sikuuliza.

Sasa nije kwenye mwaka ule wa stoo, ambao najua wewe unaukumbuka kwa harufu.

Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumevuna vizuri, na mama yako alitaka tuuze nusu kabla ya Krismasi. Mimi nikasema hapana, mwaka huu tutafanya kama kitabu kinavyosema, tutangoja bei. Nikachukua daftari lako la hesabu nikamchorea ile mistari yangu miwili. Akaiangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa jina lako, lile la mama yangu linalonifanya nikuite Maitu: "Baba Wanjiru, na panya, wameisoma hii?" Nilicheka, nikaenda kuweka kufuli mpya kwenye stoo.

Januari jirani yetu akafiwa na mkewe. Wazee wakaja, na kwa kuwa mlango wa stoo ulikuwa wazi wakaona magunia yamepangwa hadi juu. Hawakuomba, walitazama tu. Nikatoa. Februari kanisa likaja kwa ajili ya paa. Nikatoa. Binamu yangu akaja kutoka ng'ambo ile ya mto akiwa na gunia tupu limekunjwa chini ya kwapa, akazungumza habari za mvua kwa saa nzima, na gunia lile likiwa pale magotini mwake. Nikatoa. Siyasemi haya kwa kulalamika, maana sisi pia tumesaidiwa na watu hao hao. Nakuambia ili ujue kwamba mimi, mwalimu wa uchumi, sikuwa na neno hata moja la kuwaambia. Na kila nilipofunga stoo ile nilisikia sauti ya msichana ikisema huwezi sema hakuna na wanaona.

Bei nayo haikuja. Niliingoja kwa redio kila jioni kama mtu anayengoja mgeni aliyeahidi. Badala yake tukasikia mahindi ya kutoka nje yameruhusiwa kuingia, na malori yakaanza kupita. Kumbe hata serikali ni moja ya yale mambo mengine ambayo hayatulii.

Halafu ikaja ile jioni ambayo ni yako na yangu. Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari. Ulikuja ukasimama kando ya kiti changu, umekunja kiganja kama mtu aliyeshika kifaranga. Ukasema, "Baba, kule stoo, chini ya gunia, kuna..." Mimi nikainua kidole. Nikasema ngoja habari iishe. Ulingoja. Habari ikaisha, nami nikaanza kumweleza mama yako maana ya yaliyosemwa, na nilipogeuka hukuwepo.

Wiki mbili baadaye tulifungua magunia tukakuta unga wa wadudu, na punje zilizotobolewa hadi zikawa maganda. Nilimlaumu aliyetuuzia dawa. Nikamlaumu mama yako mbele ya vibarua kwamba hakuichanganya sawasawa, naye hakusema nami kwa wiki nzima. Wewe ulisimama mlangoni ukitutazama. Ulijua. Ulikuwa umeubeba unga huo kiganjani mwako, ukaja nao hadi kwenye kiti changu, na sasa ukanyamaza ili baba yako asionekane mjinga. Mtoto wa miaka tisa.

Nilikumbuka kidole changu siku hiyo hiyo, Maitu. Sikukuambia. Nimekuwa nikikumbuka kwa miaka kumi na mitano, na bado sijawahi kukuambia. Nisamehe. Tangu hapo maswali yako yote ulimpelekea mama yako, na mimi nikajiambia ni mambo ya wasichana.

Tulipokuwa tukiisafisha ile stoo ndipo nilipoikuta katoni ya karatasi kuukuu, na panya walikuwa wamejitengenezea nyumba pembeni. Karatasi ya Nekesa ilikuwa katikati, haijaguswa. Niliiokota ili niichome pamoja na zingine. Nikaona yai langu, limefifia, bado linacheka. Nikaigeuza. Upande wa pili ulikuwa na maandishi.

Jibu lilikuwa limeendelea. Nilikuwa nimesahihisha nusu. Nilikuwa nimelichekesha darasa kwa nusu, nikamkalisha chini kwa nusu. Nusu nyingine ilisema hivi:

"Kwa hivyo kama serikali inataka mkulima asiuze mapema, isijenge ghala kubwa. Iambie shule zichukue mahindi yenyewe wakati wa mavuno, ihesabiwe ni karo. Ikienda shule moja kwa moja, broka hataiona na wazee hawataiona, na mtoto atasoma mwaka mzima. Hata shule inanunua mahindi ya kupikia watoto, inanunua bei juu."

Nilikaa juu ya gunia tupu. Msichana wa miaka kumi na saba, aliyetoka kumzika nyanya yake, alikuwa ameona tatizo, ameona chanzo chake, na ameandika sera. Nimehudhuria semina nyingi ambazo watu walikuja na tai nzuri kuliko yangu wakatuchorea mishale mpaka chakula cha mchana, na sikumbuki hata mmoja wao aliyesema jambo lenye akili kiasi hicho. Miaka michache baadaye shule yetu ikaanza kupokea mahindi na maharagwe badala ya karo, na siku ya wazazi mwalimu mkuu akasifiwa kwa ubunifu. Mimi nilipiga makofi pamoja na wengine.

Ungependa kusikia kwamba siku ile ya stoo nilimtafuta Nekesa. Hapana. Niliikunja karatasi nikaitia ndani ya Biblia ya baba yangu, mahali ambapo nilijua hakuna atakayefungua. Nilibadilika kidogo tu. Niliacha kalamu nyekundu. Niliacha kusoma majibu ya watu kwa kuchekesha. Nilianza kuwauliza wanafunzi nyumbani kwao huuza nini na lini, na mara nyingine nilisikiliza jibu. Ile ya kumtafuta mwenyewe niliiahirisha kila likizo, na majuto, unajua wanavyosema, ni mjukuu. Yangu yalikua yakaota ndevu.

Ndipo ukasoma neno Kabuchai pale jikoni.

Wiki mbili zilizopita niliwaambia naenda Ndalu kuangalia mtamba. Hakukuwa na mtamba. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alikuwa ameniambia kwamba Nekesa ameolewa upande huo na ana kibanda cha nafaka sokoni. Nilimpata bila shida. Alikuwa akipima maharagwe kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, na mikono yake ilikuwa na vumbi hadi kwenye viwiko. Amekuwa mama mzima, mnene kidogo, miwani kwenye kamba. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Aliinua uso, akanitazama, akasema, "Mwalimu Yakitulia. Umezeeka, bana."

Nikampa karatasi. Nilikuwa nimeisahihisha upya kwa buluu, pande zote mbili, nikampa alama zote. Najua, ni jambo la kitoto, lakini mimi ni mwalimu na sikujua kuomba msamaha kwa njia nyingine. Akafuta mikono kwenye leso, akavaa miwani, akasoma amesimama. Palikuwa na mteja, akamwambia angoje kidogo. Alisoma polepole upande wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Mahali pamoja alitabasamu, na sijui ni wapi. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Hii alama sasa nitapeleka wapi, Mwalimu?"

Nilisema tu kwamba nilikosea na kwamba najuta, na kwamba nimejuta kwa muda mrefu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea pole za msiba wa zamani. Akaniambia lile jina halikumwacha. Hata siku ya harusi yake mtu mmoja aliyesoma naye alisimama akamwita Matanga kwenye maikrofoni, ati ni utani, na mama mkwe akawa anauliza ni nani amekufa.

"Lakini usifikirie niliacha shule juu ya sifuri," akasema. "Sifuri nilikuwa nimepata zingine. Niliacha juu ya vile hukuniacha nimalize."

Alimpimia yule mteja, akapokea pesa, akarudi akanikuta palepale. Nikamwambia kuhusu wewe: kwamba nina binti, kwamba amekuwa mwalimu wa somo lile lile, kwamba anaenda kufundisha Kabuchai. Akaniuliza ni shule gani. Nikamwambia. Akawa anasawazisha maharagwe kwa kiganja ingawa yalikuwa sawa tayari.

"Mtoto wangu ako hapo," akasema. "Gredi ya kumi. Anakaa kwa ndugu yangu. Huyo ako na maneno mingi. Ukimuuliza kitu moja anaanza na mbali, anazunguka, mpaka unachoka. Mwambie huyo msichana wako amwache amalize."

Nikamwuliza jina la mtoto, ili nikuambie. Akakataa.

"Akiwaacha wote wamalize," akasema, "huyo wangu atakuwa ndani."

Karatasi akanirudishia, akasema nikupe wewe, kwake haina kazi. Nilinunua gorogoro moja ya maharagwe, akanipimia hadi ikafurika, akaongeza kiganja kimoja juu kama anavyomwongezea mteja yeyote. Sikusamehewa, Maitu, wala sikufukuzwa. Nililia kabla sijatoka sokoni, mzee mzima na mfuko wa maharagwe, na mwanamke anayeuza nyanya akaniuliza kama nimeibiwa. Maharagwe hayo ndiyo tuliyokula Jumapili ile, ukasema ni matamu ukauliza yametoka wapi. Nikasema sokoni.

Karatasi yenyewe nimeitia ndani ya bahasha hii. Sitakuambia uifanyie nini.

Kuhusu kufundisha nina machache. Ile mistari miwili ichore, ni mizuri, na bado naiamini. Bila hiyo watoto watadhani bei hutoka mbinguni au kwa mchawi. Nilichokosea ni kudhani kwamba nikishachora, kazi imekwisha, na kwamba yule anayetoka katika nyumba yenye mahindi hana la kuniambia ila kosa la kusahihishwa. Utakuwa na watoto sitini na dakika arobaini na silabasi ndefu. Utakuwa na haraka, na haraka yako itakuwa ya haki. Mimi pia nilikuwa na haraka ya haki.

Nimebakiwa na jambo moja, na ndilo gumu kuliko la Nekesa, kwa sababu yeye yuko mbali na wewe utarudi baada ya muda si mrefu.

Jana jioni tulipokuwa tukikamua, ulishika ndoo ukasema, "Baba, mimi kuhusu hii kazi, kwa kweli..." Nami nikakuuliza kama umenunua kufuli. Ukasema bado. Nikakuambia bei ya kufuli, na duka lenye kufuli nzuri, na hadithi ya mwizi mmoja wa kule mjini Kwanza, mpaka ndoo ikajaa tukaingia ndani.

Niliuliza kuhusu kufuli makusudi. Niliogopa mwisho wa sentensi yako. Nilikumbuka siku ile ya kuchagua kozi, tulipokaa kwenye saiba pale Kitale mbele ya kompyuta, na ulikuwa umefungua ukurasa mwingine kabisa, nami nikakuonyesha kwa kidole hiki hiki: bonyeza hapa, ualimu, Biashara. Ukabonyeza. Sijui ule ukurasa mwingine ulikuwa wa nini. Miaka yote hii ya chuo sikuuliza, na sherehe ya kuhitimu ilipofika nilivaa tai.

Labda ulitaka kusema kwamba kwa kweli unaipenda kazi hii. Labda ulitaka kusema kwamba kwa kweli huitaki, kwamba unaenda Kabuchai kwa ajili yangu. Ikiwa ni hilo la pili litaniumiza, sitakudanganya, na bado nataka kulisikia. Godoro linaweza kurudishwa dukani. Mama yako atafurahi hata kupata nafasi ya kubishana bei mara ya pili.

Nasikia sauti yake getini sasa, analalamika kwamba mmeuziwa sufuria isiyo na kifuniko. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako uione kabla hujalala. Kesho gari lako ni saa tatu. Mimi nitakuwa jikoni tangu saa kumi na mbili, chai itakuwa tayari, na redio nimeizima.

Ulikuwa umefika pale uliposema "kwa kweli". Endelea kutoka hapo.

Baba yako